Bihogo, Ng'ombe Asiye na Kwato

Fundi Mutsinzi wa Rwezamenyo, hapa Kigali, alipewa ng'ombe hadharani, kwa kipaza sauti, mbele ya wageni mia tatu walioshiba. Msidhani naongeza chumvi. Ilikuwa arusi ya binti wa Mzee Kagabo, mfanyabiashara wa mchele, na siku nne kabla ya hapo fundi mwingine, ambaye jina lake tumsitirie, alikuwa ameleta suti sita za wapambe, zote zina mkono mmoja mfupi. Mutsinzi alizifumua, akazikata upya, akakaa kwenye cherehani mpaka kiti kikamchoka. Siku ya arusi wapambe waliingia ukumbini wamenyooka kama mishumaa, na Kagabo kwa furaha akakamata kipaza sauti.

"Bon," alisema, maana Kagabo alikulia Bujumbura na hawezi kuanza jambo bila hiyo bon yake ya Kifaransa. "Huyu fundi amenisitiri mbele ya wakwe. Namugabia ng'ombe."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mutsinzi akasimama, akainua mikono yote miwili juu kama pembe, namna wanavyoshukuru watu wa ng'ombe, na mkewe Uwamahoro, ambaye mtaani tunamwita Mama Kirezi, aliyaona machozi yakimlengalenga. Alijua yanatoka wapi. Mutsinzi alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, akakua nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Mwaka ule Wanyarwanda wa Tanzania waliporudishwa kwao, alivuka daraja la Rusumo la mpakani na kichwa cha cherehani begani, na nyuma yake hakukuwa na hata ndama mmoja. Tangu hapo, wanaume wakianza kusimulia habari za mifugo kwenye sherehe, yeye husimulia habari za vifungo.

Sasa niambie, ng'ombe utamweka wapi Rwezamenyo? Ua wa Mutsinzi unatosha cherehani mbili, jiko la Mama Kirezi na kamba ya nguo. Akiingia ng'ombe, lazima mwenye nyumba atoke. Kagabo si mjinga, hilo alilijua. Wiki mbili baada ya arusi alikuja na kikapu, akafunua kitambaa, na humo ndani alikuwa amelala mtoto wa mbwa wa rangi ya kahawia, jike, wa jamii ya wale mbwa wadogo ambao hata wakizeeka unaweza kuwabeba kwapani. Mama yake alikuwa mbwa wa nyumbani kwa Kagabo mwenyewe.

"Bon. Ng'ombe yako ni hii," Kagabo alisema, wala hakucheka. "Kwato hana, lakini masharti ni yale yale. Utamupa jina. Mtoto wake wa kwanza atarudi kwangu. Na siku ya Umuganura nitakuja kumuangaria."

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Mtu akikugawia ng'ombe, iko siku atakuja kumtazama. Akimkuta ameharibika anamchukua, na jina lako linaondoka naye. Umuganura, sikukuu ya mavuno, huwa mwanzoni mwa mwezi wa nane, na huu ulikuwa mwezi wa nne. Mutsinzi alikuwa na miezi isiyotimia minne ya kuonyesha kwamba mtoto wa mfugaji bado ni mfugaji, japo mfugo wenyewe unakoroma kikapuni. Alimwita Bihogo, jina wanalopewa ng'ombe wa kahawia iliyoiva, jina la heshima zake.

Basi akaanza kufuga. Na kosa alilofanya ni kosa ambalo mtu asiyejua ng'ombe asingeweza kulifanya kamwe.

Alimlea kama ndama. Asubuhi maziwa, jioni maziwa, ya moto kidogo, kutoka dukani kwa Ismaël aliyeko ng'ambo ya barabara, muuza chai na chapati. Ismaël ni mtu wa msikitini, udhu wake hauchezei, kwa hiyo mate ya mbwa hayataki karibu na kanzu yake. Lakini alimpenda Bihogo kwa namna yake: kila asubuhi alimsalimia kutoka upande wa pili wa barabara, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mama mkwe. Maziwa ya Bihogo aliyajaza mpaka juu.

Tumbo la Bihogo likaanza kumwendesha. Mutsinzi akasema ndama wote huharisha mwanzoni. Akamwongezea uji wa mahindi ili tumbo lishike, na likashika, na Bihogo akaanza kuwa mviringo. Kila asubuhi alimtandikia kitambaa ukutani apigwe na jua, maana mama yake Mutsinzi alikuwa akisema jua la asubuhi ndilo dawa ya mifupa. Halafu akasikia kwamba wauza chakula cha kuku kule Kimisagara wana unga wa mifupa. Akashuka bondeni, akarudi na mfuko. Kijiko kimoja kwenye uji. Baada ya wiki mbili akaona kimoja ni ubahili, akaweka viwili.

Kagabo alikuwa akipiga simu. "Ng'ombe anaendeleaje?"

"Ananawiri, Mzee. Mgongo umejaa, ukimwaga maji juu yake yanatuama."

Na kweli yangetuama. Jicho la mchungaji likiona mnyama mnene linafurahi, halina swali la pili. Mama Kirezi aliuliza mara moja tu, kwa upole, kama mbwa mdogo anatakiwa kufanana na mto wa kulalia. Mutsinzi akamwambia mambo ya mifugo amwachie yeye.

Katikati ya mwezi wa sita alipata kitambaa kilichobaki kutoka kwenye zile suti za wapambe, cha buluu iliyokolea, akaona amshonee Bihogo kikoti. Akachukua futi yake ya kupimia, akampima kifua, akampima mgongo, akafika miguuni. Mguu wa mbele wa kulia, kutoka kwapani hadi chini, ulikuwa na kipimo chake. Wa kushoto ukakataa kupimika. Futi haikulala. Ilipita hewani katikati kwa sababu mfupa ulikuwa umepinda kwenda nje, kama mpini wa mwavuli.

Mutsinzi akarudia kupima. Miaka ishirini na zaidi alikuwa amewaambia wateja kwamba futi haina undugu na mtu. Akamweka Bihogo chini, akamwita, akamtazama akitembea, safari hii kwa jicho la fundi. Bihogo alikuja hatua mbili, akainua mguu wa nyuma, akaruka kwa mmoja, akaushusha tena. Alipofika kwenye kingo ya baraza, ambayo haizidi urefu wa kiganja, akakaa chini akamwangalia bwana wake, akingoja kubebwa. Mutsinzi akakumbuka kwamba wiki nzima alikuwa akimbeba pale, akidhani ni deko.

Ismaël alikuwa ameona yote kutoka ng'ambo. "Fundi," akasema, "wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Naona wewe umemkunja kwelikweli."

Siku zote Mutsinzi humjibu Ismaël, tena kwa riba. Siku hiyo alikaa kwenye ngazi na yule mbwa mapajani, futi ikining'inia shingoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa suti mbele ya wateja wengine. Ismaël akajuta. Akavuka barabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbwa akiwepo, akasimama hatua tatu mbali.

"Nisamehe, ndugu yangu, ulimi hauna mfupa. Mpeleke kwa daktari. Mimi nitakuangalizia duka."

Mutsinzi alipanda pikipiki na kikapu mapajani. Daktari wa mifugo alikuwa dada mmoja kijana aitwaye Gwiza, aliyekulia Kampala, mwenye Kiswahili cha kuokoteza lakini mikono yenye hakika. Alimpapasa Bihogo ubavuni, akapapasa tena.

"Muzee, hii mbwa iko na mbavu?"

"Anazo, daktari."

"Mimi sizioni. Unamupatia nini?"

Mutsinzi akataja kila kitu kwa fahari, mwanamume anayejua anachokifanya: maziwa, uji, jua, unga wa mifupa vijiko viwili. Kadiri alivyotaja, ndivyo sauti yake ilivyopungua, maana daktari alikuwa ameacha kuandika na anamtazama tu.

Gwiza hakumgombeza, na kwa hilo Mutsinzi anamshukuru hadi leo. Alivuta kiti akakaa mbele yake, akamweleza taratibu, Kiswahili kikimwishia anaingiza Kinyarwanda. Mbwa si ndama. Ndama ana matumbo yake ya kazi hiyo, ila mtoto wa mbwa akishaacha titi la mama yake, maziwa ya ng'ombe yanamvuruga tumbo. Uji wa mahindi unamnenepesha na haumjengi. Jua la asubuhi ni zuri kwa mtoto wa Mama Kirezi, kwa sababu ngozi ya mtu inalitumia kutengeneza vitamini ya mifupa. Ngozi ya mbwa haiwezi kazi hiyo sawasawa, yeye vitamini hiyo lazima aile. Na ule unga, daktari akasema akitikisa kichwa, ule ndio mbaya kupita vyote. Mfupa unajengwa na madini zaidi ya moja, na yanatakiwa yapatane kwa kipimo. Yakipungua mfupa unalegea. Moja likizidi linawavuruga wenzake, na mtoto wa mbwa tumbo lake bado halijui kukataa kilichozidi, linapokea tu.

"Wewe ni fundi," alisema. "Ukiweka uzi mingi sana kwa mushono moja, nguo inakuwa nguvu?"

"Inakunjamana," Mutsinzi akajibu, na akaelewa.

Kisha Gwiza akamshikisha goti la nyuma. Kile kifuniko cha goti kilikuwa kinateleza kando na kurudi, tiki, kama kifungo kisichokaza. Akasema mbwa wadogo wengi huzaliwa na udhaifu huo, pengine wa ukoo, lakini huyu amebebeshwa mzigo wa mafuta juu yake. Habari njema ni kwamba bado ana miezi minne na nusu. Mbwa wadogo humaliza kukua mapema, wengi hata mwaka hautimii, hivyo muda uliobaki ni mfupi ila upo. Maziwa basi. Uji basi. Unga wa mifupa atupe. Ampe chakula kamili cha watoto wa mbwa wadogo, zile chembe kavu, kwa kipimo cha kikombe alichompa, mara tatu kwa siku, wala asiongeze kitu juu. Asiruke kutoka juu ya kiti. Atembee kidogo kila siku mahali tambarare. Kitakachonyooka kitanyooka, na kitakachobaki kimepinda ataishi nacho.

"Na kitu ya muhimu, Muzee," alisema mlangoni. "Aende pole. Akure polepole."

Ewe msomaji, hapa Kigali herufi r na l ni mapacha, mama yao mwenyewe huwachanganya. Mutsinzi alisikia *akule*, yaani ale.

Kwa hiyo kesho yake alikaa kwenye baraza na kikombe cha chembe, akampa Bihogo chembe moja. Akangoja aitafune, aimeze. Akampa ya pili. Kikombe kidogo kile kilichukua saa nzima, mara tatu kwa siku. Wateja walikuja kuchukua suruali wakaambiwa wasubiri, mgonjwa anakula. Mama mmoja aliyeleta kitenge alidhani fundi anasali tasbihi. Bihogo, ambaye alizoea kuingiza uso wote kwenye bakuli, alimtazama kwa huruma.

Siku ya tisa Gwiza alipita kuwaona kwa sababu alikuwa na kazi nyingine Nyamirambo, jirani hapo. Alisimama akahesabu chembe kumi na mbili kabla hajauliza.

"Muzee, unafanya nini?"

"Ulichosema, daktari. Ale polepole."

Gwiza alikaa chini kwenye ngazi akacheka hadi akafuta macho. "Nilisema *akure*. Kukura, kuwa mukubwa. Mwili ukure pole, mifupa isikimbie. Kula, ale vile anapenda."

Kutoka ng'ambo Ismaël akaitikia kwamba polepole ndio mwendo, na mtaa mzima ukapata la kuongea kwa wiki mbili. Lakini Gwiza alipompapasa Bihogo ubavuni, vidole vyake vilisimama. Mbavu zilikuwa zimeanza kupatikana.

Kuanzia hapo Mutsinzi alimpima kila Jumamosi. Mizani hakuwa nayo, futi alikuwa nayo. Kifua, kiuno, miguu minne, akaandika kwa chaki nyuma ya mlango, pale anapoandika vipimo vya wateja, kiasi kwamba bwana mmoja nusura ashonewe suruali kwa kiuno cha Bihogo. Kiuno kilipungua. Wiki ya nne mbwa alipanda kingo ya baraza mwenyewe, akageuka akashuka, akapanda tena, kama aliyegundua jambo. Mutsinzi alimwita mkewe aje kushuhudia, na Mama Kirezi, mkono una povu la sabuni, alishuhudia mara sita. Goti likaacha kuteleza kila mara. Mguu wa mbele wa kulia ukabaki sawa. Wa kushoto ulinyooka nusu, halafu ukagoma. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba kipimo kilikuwa kile kile cha Jumamosi mbili nyuma.

Na Umuganura ilikuwa Ijumaa.

Hapo ndipo Mutsinzi alipokikumbuka kile kitambaa cha buluu. Alikata kikoti chenye mikono mirefu, yenye bitana, inayofika mpaka kwenye kucha, na mkono wa kushoto akauwekea pamba kidogo upande wa ndani ili mstari ushuke wima. Nawaambia, ilikuwa kazi ya fundi wa kweli. Mbwa alisimama ndani ya kile kikoti amenyooka kuliko wapambe. Mama Kirezi alikitazama, akamtazama mumewe.

"Baba Kirezi, unamvisha au unamficha?"

Mutsinzi alishona kifungo cha mwisho.

Ijumaa Kagabo alifika amevaa kizuri, na mfuko wa mahindi mapya ya sikukuu. Alikaribishwa, akala maharage na mtama, akasifu mkono wa mama mwenye nyumba. Kisha akafuta midomo. "Bon. Mulete ng'ombe."

Bihogo akaingia na suti yake. Kagabo aliinama mbele, akapiga paja, akacheka, akamwita, na Bihogo akamwendea moja kwa moja, tumbo limeingia ndani, mkia unakwenda. Kagabo alimpapasa mgongo kama mtu ajuaye. "Huyu amekaa vizuri," alisema. "Amekaa vizuri kabisa. Mutsinzi, nimegabia watu wengi. Mufugaji kama wewe Kigari hii sijamuona."

Ilikuwa ile sentensi. Miaka yote tangu daraja la Rusumo alikuwa akisubiri mtu aiseme, na sasa imesemwa, na ameipata kwa pamba ya ndani ya mkono wa kikoti. Mutsinzi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alipiga magoti sakafuni, akafungua vifungo kimoja kimoja, akakivua kikoti, akakiweka kando.

"Mzee, tazama vizuri," alisema. "Huo mguu nimeupinda mimi. Si ukoo wake, si bahati mbaya. Nilimlea kama ndama." Akaeleza yote, maziwa, uji, vijiko viwili, na kile kikoti kimeshonwa kwa nini. "Masharti nayajua. Ukimchukua sina neno. Ila ukimchukua, chukua na kikombe chake cha kipimo, na usimruhusu kuruka kutoka kwenye kiti."

Kagabo hakusema bon. Alimpakata Bihogo, akaushika ule mguu wa kushoto, akaupitishia kidole gumba kutoka juu mpaka chini, akarudia mara tatu, mpaka Mama Kirezi, aliyekuwa mlangoni, akaanza kukunja kanga yake vidoleni.

"Kaka yake ninaye nyumbani," Kagabo alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Niribakiza yeye. Miguu yake ya mbele yote mbiri iko hivi, tena mibaya kuliko hii. Ngazi hapandi. Wageni wakija namufungia chumbani. Nimekuja hapa nikisema, nione wa Mutsinzi. Kama naye amepinda, basi ni damu, nijisamehe. Kama amenyooka, basi ni mikono yangu."

"Unampa nini, Mzee?"

"Maziwa," Kagabo akasema. "Na maini. Na mifupa ya kusaga, maana niliambiwa."

Wakatazamana, wanaume wawili wazima, na wa kwanza kucheka alikuwa Mama Kirezi. Wakacheka wote, Kagabo mpaka akakohoa. Alipotulia alimweka Bihogo chini polepole, kwa mikono miwili, hakumwachia aruke. Kisha akavua kofia yake.

"Huyu ni wako, sina shauri naye. Nina ombi. Nataka kukuragiza yule mwingine."

Kuragiza ni neno la wenye ng'ombe. Mtu tajiri akiona mifugo yake inamshinda, huipeleka kwa mwenzake ajuaye kuchunga, akamwambia niwekee hawa, mimi siwezi unavyoweza wewe. Haombwi fundi wa suti neno hilo. Baba yake Mutsinzi ndiye aliyekuwa akiombwa, kule Karagwe, na wenye ng'ombe wengi kuliko yeye.

Mutsinzi alikichukua kile kikoti, akakikunja, akamkabidhi mkewe.

"Mlete kesho asubuhi," alisema. "Na asinywe maziwa."